Sukari ya Mzee Kandidi

Mimi ndiye niliyesoma.
Si paroko, si katekista. Mimi, Pelagia Mallya,
katibu wa jumuiya, miwani puani,
baada ya komunyo, kabla ya baraka,
nikalifungua daftari la matendo ya huruma,
nikakohoa kidogo kujiweka sawa:

"Kwaresima hii, kwa michango yenu,
tumewafikia majirani wafuatao.
Bi Zaituni wa Pasua, mabati manne."
(Si wa kanisa letu. Mvua haikumuuliza anasali wapi.)
"Watoto wa marehemu Ewaldi, viatu na madaftari.
Mzee Kandidi Shirima wa Njoro,
unga kilo kumi, maharage, sabuni ya mche,
sukari kilo mbili, blanketi moja."

Makofi.

Benchi la tatu, kando ya nguzo,
benchi alilolichonga kwa randa yake mwenyewe
mwaka ule ukuta wa kanisa ulipokuwa bado mabanzi,
mzee akasimama.
Akafunga kifungo cha koti, kile kimoja kilichobaki,
akatoka.
Hakuingojea baraka.

Nikajiambia, wazee na vibofu vyao.
Nikaendelea na tangazo la usafi wa makaburi.

Jumatatu alfajiri, mlangoni pangu, gunia.
Kamba yake ina fundo lile lile.
Fundo langu nalijua, nazungusha mara mbili
kisha nachomeka ncha ndani, kama mama alivyofunga majani ya ng'ombe.
Hakuna barua. Barua ya nini?

Na wiki mbili kabla, jumuiyani, kwa Mama Genoveva,
tulisoma habari ya mkono wa kushoto
usiojua afanyalo wa kulia.
Mimi ndiye niliyefafanua.
Walisema nimefafanua vizuri.

Nikatafuta isale.
Mjini wameing'oa, wamejenga fremu za maduka.
Nikapanda hadi Kibosho, kihambani kwa kaka,
mpakani, lilipo kaburi la mama,
nikakata jani moja, nikalipiga fundo
kama nilivyomwona bibi
siku alipomwendea jirani waliyenuniana
miezi saba kwa ajili ya maji ya mfereji.
Hakusema neno siku ile, bibi.
Jani lilisema.

Njoro, chumba cha uani, jioni.
Alilipokea kwa mikono miwili,
akalitazama kwa muda ule fundi anaoutazama ubao
kujua utapasukia wapi.
Kisha: "Pelagia. Njaa nimekaa nayo mwaka wa tatu huu.
Haijawahi kunitaja mbele za watu."

Nikakosa pa kuweka macho.
Nikayaweka kwenye msumeno uliotundikwa ukutani,
umepakwa mafuta, hauna kutu hata chembe.

(Safu ya majina niliifuta wiki ile ile, kwa rula na wino mwekundu.
Zimebaki tarehe, mtaa, kilo.
Mweka hazina analalamika: tutakaguliwaje?
Namwambia, tutakaguliwa, usijali.)

Akainjika birika.
Akafungua kopo, akalifunga.
Akafungua lingine, akalikung'uta,
akatulia akiwa amenipa mgongo.
Gunia lilikuwa nje, kwenye toroli ya mjukuu wangu.
Nilikuja nalo bila kujua kama nitathubutu.
Nikatoka, nikalifungua lile fundo kwa meno,
nikarudi na pakiti moja tu,
nikaiweka karibu na jiko, upande wake,
kama kitu kilichokuwepo.

Hakuuliza. Akachota:
kijiko cha kwanza, cha pili,
cha tatu cha heshima.

Sikumwambia nina kisukari,
kwamba daktari pale Mawenzi amenikataza hata ndizi mbivu.
Nilikuwa mgeni, naye mwenye nyumba,
na kikombe chenyewe kilikuwa kimoja, kizima, cha maua.
Yeye alinywea bakuli.

"Imekolea?" akauliza.

Imekolea, mzee.
Imekolea.