Safu ya Rangi

Daftari ni la kurasa mia moja,
jalada limeliwa na mende pembeni.
Safu ya kwanza: jina la mbwa. Ya pili: mwenye mbwa.
Ya tatu: rangi.
Mimi ndiye katibu wa wasasi wa Mahuta.
Nimeandika "kahawia" mara nyingi
hata kalamu inaijua njia.

Kanuni ya sita ni fupi: Mweupe haingii.
Hakuna anayemkumbuka aliyeitunga,
ila kila mtu ana kwa nini yake.
Mchopa: nguruwe atamwona toka ng'ambo ya bonde.
Nandonde: ni rangi ya sanda, na sanda haitangulii porini.
Chilumba: baba yangu alikataa. Basi.

Kisha mbwa wa Somoe Nalinga akazaa sita,
watano rangi ya ganda la korosho,
wa sita mweupe pe, unga wa muhogo.
Akamwita Makopa.

Mwezi wa Mei, usiku, peke yake,
Makopa aliwatoa nguruwe wawili shambani.
Somoe akaja mkutanoni na mkia kwenye ncha ya kijiti
(Mfaume akasogeza kiti chake; huyo kila tukitoka msituni
huosha mikono mara saba, moja kwa mchanga).

"Mwandikeni."
"Kanuni," akasema Mchopa.
"Matuta arobaini yameliwa. Nguruwe wao wana kanuni ya ngapi?"
"Sanda, mama."
"Na unga wa tambiko? Si mweupe?
Mbona huo mnautanguliza
kabla hamjakanyaga jani?"

Kimya. Kisha Chilumba, chinichini:
"Unga haubweki."
Tukacheka, na kicheko hakina kura.
Kura zikawa saba kwa saba.
Katibu hapigi; nikashukuru,
nikaona haya kushukuru.

Julai tukatoka. Makopa hakualikwa, alifuata.
Mashine za kupulizia zilinguruma tangu alfajiri,
mikorosho yote imevaa salfa,
vumbi la manjano limening'inia hewani
kama neno ambalo mtu kalisema na hawezi kulirudisha.
Nguruwe akakatiza humo humo,
mbwa nyuma yake, njuga za mbao ko-ko-ko-ko,
halafu hatukuona kitu. Tulisikia tu.

Walirudi mbwa kumi na watano wa manjano.
Manjano pua, manjano mgongo,
wakipiga chafya kama watoto wa shule.
Nguruwe alikuwa amelala chini ya mkorosho,
sikio limeraruliwa.

"Aliyekamata sikio ni Tabu wangu!"
"Tabu gani? Ni Makopa!"
"Mimi nilimwona. Alikuwa wa manjano."
"Waosheni, tujue!"
Hapo kila mtu akatazama viatu vyake.
Huku juu maji ni ya kununua;
nani atamwaga ndoo nzima
kwenye mgongo wa mbwa, tena wa mwenzake?

"Tungoje mvua," akasema Mchopa.
Mvua ni Novemba.

Usiku, kwenye taa ya sola, nikafungua daftari.
Jina: Makopa.
Mwenye mbwa: Somoe Nalinga.
Safu ya tatu ikanikodolea macho.
Nikaandika: salfa.
Vidole vyangu navyo vilikuwa vya manjano.
Nikapiga chafya juu ya ukurasa,
mende wakatimka.