Mahali Yanapolala Maji

Hapa Rustenhof, pwani ya Guyana,
bahari imetuzidi kimo.
Tunaishi chini yake kama watoto chini ya meza,
tukisikiliza miguu ya wakubwa.
Lango la mbao hufunguliwa maji yakipwa,
hufungwa yakijaa.
Ufunguo anao Ramotar,
na goti lake bovu ndilo saa yetu.

Mkutano ulikuwa Jumanne, ukumbi wa kanisa.
Mhandisi kutoka mjini alibandika ramani ukutani
kwa gundi iliyokataa kushika.
Vyumba sita vipya, alisema,
juu ya futi mbili za mchanga ulioshindiliwa.
Tukapiga makofi. Nani angekataa?
Wanangu wanasoma kwa zamu,
Indranie asubuhi, Teeka alasiri,
wakipokezana dawati moja na rula moja
kama walinzi wa benki.

Akasimama Desrey Adonis,
afugaye bata nyuma ya uwanja wa shule:
"Shule ikipanda futi mbili,
maji yatashukia kwa nani?"

Ramani ikaanguka.
Mhandisi akaiokota, akataja mteremko,
asilimia, kipenyo cha bomba,
na Desrey hakuketi,
maana hakuulizia kipenyo.
Aliulizia jiko lake.

Mimi ndiye karani. Niliandika: *Swali limepokelewa.*
Sentensi hiyo inanitia aibu mpaka leo.

Sasa, msimu mzima wa mvua za Desemba
Mwalimu Bovell wa darasa la tano
alikuwa amewagawia watoto chaki
watie alama ukutani, maji yalipofika.
Wengine walichora mstari. Wengine samaki.
Teeka wangu alichora soksi,
kwa kuwa ndizo zilizoelea.
Kisha wakahamishia yote kwenye karatasi ya kaki,
nyumba thelathini na moja,
na Mwalimu akaja nayo kwapani, imekunjwa, ina doa la chai.

Pale penye vyumba sita vya mhandisi
watoto walikuwa wameandika kwa samawati:
*Hapa maji hulala.*

Ramotar akaiinamia kwa muda mrefu.
"Hayalali," akasema. "Yanautafuta mtaro.
Tuliufukia sisi, kwa vifuu na matofali,
tupate pa kuchezea kriketi.
Mimi ndiye niliyekuwa mrusha mpira."

Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta.
Hawakusema lolote kuhusu mtaro
unaouziba kwa mkono wako mwenyewe,
ukausahau,
ukaja kuuita uwanja.

Mhandisi akatoa penseli sikioni.
Akaligeuza jengo kiubavu, akaliinua juu ya nguzo,
akaupisha mtaro katikati.
Vyumba vikawa vinne.

Ndipo kelele zilipoanza!
Miaka yote ya kufagia tope kitandani
hatukuwahi kugombana namna ile,
kwa vyumba viwili ambavyo havikuwa na hata msumari.
Kura kumi na tisa kwa kumi na saba.
Nilizihesabu mara mbili, kwa haki,
nami nilikuwa katika wale kumi na saba.

Walichimba Machi. Wakatoa gurudumu la baiskeli,
ndara za mguu wa kushoto tu,
na mpira mmoja wa kriketi, mweusi kama ini,
ambao Ramotar aliutia mfukoni bila neno.

Mvua kubwa ya Juni ilianza usiku.
Saa kumi alfajiri nilikwenda kwa Desrey na tochi.
Tukakaa juu ya meza ya jikoni, miguu juu,
bata wakinung'unika ndani ya beseni.
Maji yakaja mpaka kizingitini.
Yakasimama pale, kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji.
Kisha, polepole mno, yakaanza kurudi nyuma.
Desrey akawasha jiko.

Vyumba vinne vimejaa tayari.
Teeka bado yuko zamu ya alasiri.
Rula huipokea getini,
ikiwa na joto la mkono wa dada yake.