Kisigino

Siku kumi na nne, kila siku anna nane,
chumba cha juu, uchochoro wa Girgaon,
Bwana Dattaram akikoroga rangi kwa kisu,
mimi kigodani, uso dirishani, mgongo kwake,
sari yangu ya kijani imekunjwa kitini
kama mtu wa tatu anayetusikiliza.

Hakunigusa. Niseme hilo kwanza,
maana ndilo watu huuliza kwanza.
Alisema tu: "Kidevu. Shusha kidevu."
Na siku moja ya mvua: "Unahisi baridi, Yesubai?"
Nikasema hapana.
Nilikuwa natetemeka hadi magego.

Zile anna zilinunua dawa ya kifua cha mwanangu,
mtama, na robo ya deni la dukani.
Kiwandani ningezisokota nusu mwezi.

Kisha picha ikapelekwa maonyeshoni,
na maneno yakanyesha.
Gazeti la Kimarathi: *ametuvua nguo sote.*
Jaji wa Kiingereza alisifu mwanga, akalaumu nyonga.
Mwalimu mkuu aligeuza foleni ya wasichana wake mlangoni.
Kijana wa khadi akatema mate: mama zetu hawako hivi!
Mwenzake akamjibu: mahekaluni wako hivi, tena wa mawe.
Wakashikana mashati.
Siku ya tano picha ikawekewa pazia,
na tiketi zikauzwa maradufu.

Nami nikaenda. Anna mbili, sari ileile.
Bawabu akanizuia: "Mama, humo haingii mwanamke wa heshima."
"Heshima yangu iko ndani," nikamwambia,
"nimekuja kuitazama."
Hakuelewa. Akachukua anna zake.

Nyuma ya pazia wanaume sita, kofia mikononi,
kimya kama wako matangani.
Hakuna aliyegeuka.

Mgongo haukuwa wangu.
Aliunyoosha, akaupaka asali,
akafuta kovu la ndui begani,
akanipa kiuno cha binti wa mtu mwingine.
Nikataka kuondoka.
Ndipo, chini kabisa, karibu na mguu wa kigoda,
nikakiona kisigino:
kimepasuka, mpasuko mrefu kama kijito cha kiangazi,
na ndani yake weusi wa grisi ya mashine
usiotoka kwa sabuni wala kwa jiwe.
Alikichora kwa brashi nyembamba, polepole.
Nadhani siku hiyo alichoka kudanganya.

Waliandika mno habari za matiti.
Matiti hayaonekani, nilimpa mgongo!
Kisigino hakuna aliyekitaja.

Baadaye akainunua mtawala mdogo wa bara,
na nasikia huigeuza ukutani mkewe akiwapo.
Kwenye fremu kuna kibati cha shaba;
mwanangu, aliyepona, ndiye aliyenisomea siku ile
katika karatasi ya maonyesho:
*Baada ya Kuoga.*

Sikuwa nimeoga.
Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku.