Mtumishi Asiye na Dirisha

Hana dirisha. Hana kitufe cha kubofya,
hana hata kiduara cha kuzunguka ili nijue yu hai.
Namwamsha kwa mstari mmoja wa amri,
naye anazama chini ya skrini
kama jiwe katika Enyau baada ya mvua.
Kishale kinapepesa. Ndiyo jibu lote.

Waliomuunda walimwita pepo.
Anguyo, mlinzi wa usiku, aliposikia neno hilo
alisogeza kiti chake hadi mlangoni,
akaniuliza kama hospitali inajua.

Kazi yake ni moja: kinachoandikwa huku Arua
kiandikwe na kule Koboko
kabla muuguzi hajafunika kalamu.
Rejista ya wodi ya wazazi: uzito, saa, jina la mama,
jina la mtoto, kama limeshapatikana.

Usiku wa kwanza niliunda faili la jaribio,
nikaandika ndani yake: Mi ngoni?
Keji akanipigia kutoka Koboko, anacheka:
"Limefika. Lakini mimi Mkakwa, niandikie Kiswahili."

Usiku wa pili nilimtesa.
Nilichomoa kebo katikati ya faili zito.
Nilijaza diski hadi ikakosa pa kupumulia.
Nilimuua, maana ndivyo amri inavyosema, kuua,
na namba yake, na ile tisa isiyosikia ombi,
kisha nikamwamsha, vidole vikinuka karanga,
nikamtazama akihesabu vipande
kuanzia pale pale alipofia.
Tukalinganisha mihuri, ya huku na ya kule,
herufi na tarakimu sitini na nne.
Mimi nasoma kwa simu,
Keji anarudia kila moja kama anayejibu litania.
Zililingana. Hata ile ya mwisho, niliyoiogopa.

Usiku wa tatu nilifuta folda, kwa makusudi.
Sekunde nne. Kule nako ikafutika.
Hakuuliza una hakika. Hakusita.
Nikakaa na chai iliyopoa
nikiuogopa utii wa namna hiyo.
Nikaandika kwenye karatasi, nikabandika juu ya seva:
KUNAKILI SI KUHIFADHI.
Nikaweka diski nyingine kabatini, ambayo yeye haijui.

Siku ya nne tulimpa rejista ya kweli,
na mtandao ukalala
tangu saa tatu asubuhi hadi usiku wa manane.
Uliporudi, logi ilikuwa na mstari mmoja mwekundu:
mgongano.

Mtoto mmoja, wa kike, kilo tatu na robo,
aliyezaliwa hapa juzi, aliyepimwa kule jana mchana.
Huku, bibi mzaa mama alikuja kujaza pengo: Draleru.
Kule, baba mtu alisimama mezani, akasema: Kiden.

Nilitegemea achague. Zipo programu zinazochagua:
la mwisho linashinda, la kwanza linafutwa,
na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na la kwanza.
Huyu aliyaweka yote mawili kando kando,
akaandika saa ya kila moja,
akarudi chini.

Keji alikuwa bado kwenye simu.
"Tufute lipi?"
Nje jenereta ilikohoa. Anguyo alikuwa amelala,
au anajifanya.
Nikamwambia mama wa mtoto ana miadi ya kliniki Alhamisi.
Mpaka hapo aitwe mara mbili.

Kisha nikaandika ile amri ya kuuliza hali,
ingawa hali niliijua,
naye akajibu kwa neno moja, kama kawaida yake:
nasikiliza.