Mizani ya Maini

Saa kumi na moja alfajiri, Turku, theluji imefika kwenye kitasa.
Navua viatu, navaa vingine, nanawa mpaka kiwiko,
nawasalimu kwa namba. Majina nilijikataza
tangu yule wa kwanza, niliyemwita Sulo,
aliponipa ini lake mwezi wa Machi.

Mia moja na ishirini. Macho mekundu, masharubu yasiyotulia.
Kundi la kwanza wanakula chakula kitupu.
La pili, chakula na mafuta ya heringi wa Baltiki,
wale wanono wa vilindini, waliobeba dioksini
kama mjukuu anavyobeba deni la babu asiyemjua.
La tatu, mafuta yaleyale, ila wiki mbili kabla
walianzishiwa unga wa kabichi.
La nne walitanguliziwa mafuta. Kabichi ikaja baadaye.

Sumu haionjwi kwa ulimi, walisema wahenga.
Hawakusema kwa ulimi wa nani.

Mama anapiga simu kutoka kisiwani,
miaka themanini na mmoja, kikaango motoni;
nawasikia samaki wakichachatika kwenye siagi.
"Hebu niambie, Aulikki, wewe uliyesoma:
baba yako aliwala hawa miaka sitini
akaja kuuawa na ngazi ya dari.
Hao panya wako watanifundisha nini?"
Nacheka. Kisha namuuliza, hivi hivi tu,
kama kabichi anakula.
"Nikikumbuka," anasema, na kukata simu
maana samaki wanaungua.

Siku ya kupima, Ilmo anashika kalamu, mimi wembe.
Ini la kundi la kwanza: gramu kumi na mbili,
hudhurungi, linateleza, jepesi kama samahani.
La pili: kumi na saba, limepauka, limevimba.
La tatu: kumi na tatu!
Ilmo akapiga mluzi. "Kabichi, Daktari! Tuwaambie watu!"
Nikamwambia, ngoja.

La nne lilikuwa na vinundu.
Vidogo, vyeupe, mfano wa ufuta,
vingi kuliko vya kundi la pili
ambao kabichi hawakuiona hata chembe.
Tulihesabu mara tatu. Ilmo aliiweka kalamu chini.

Jani ni lilelile. Mkono uliopima ni huuhuu.
Lilipotangulia lilikuwa bawabu;
lilipochelewa lilimkuta mwizi ndani,
likamshikia taa.

Hunena watu kwamba neno kali hukata maini.
Mimi nakata maini, kisha natafuta neno.
Mizani yangu inajua gramu; haijui namna ya kusema.
Kwenye ukurasa wa kumi na moja naandika, kwa herufi ndogo:
panya si mtu, kipimo chao si kipimo chetu.
Nalifuta. Nalirudisha.

Jioni simu inalia.
"Tangu uniulize," anasema Mama, sauti imejaa fahari,
"nanunua kabichi kila siku. Asubuhi na jioni."
Miaka themanini na mmoja ya heringi,
na sasa kabichi.

Nyuma yangu chupa za maji zinagongagonga,
panya mia na sita wanakunywa.
"Kula, Mama," nasema. "Kidogo."
"Kidogo nini," anauliza, "samaki au kabichi?"