Ngazi za Valparaíso

Bogumiła hajavuka hata mpaka wa Ujerumani.
Mjini Łódź, ghorofa ya nne, akishamaliza kushona,
hutandaza mezani ramani ya Valparaíso,
pembe akazibana kwa mkasi na kopo la vifungo.

Amemjengea Eusebio duka la mikate
kwenye kona ambayo ramani imeiacha wazi.
Amempa mke, deni, mbwa mwenye jicho moja.
Lakini jua la huko huzama nyuma ya nini?
Na mkate wao, ukivunjwa, hulia?

Palipomshinda, aliiba kwake mwenyewe:
ngazi zinazonuka kabichi na nta,
kikohozi cha bwana Zenon, jirani,
kikipanda, kikisita,
kikipanda tena.

Kitabu kikatoka, kikatafsiriwa. Siku moja, barua,
stempu ya Chile, Kipolandi cha kuokoteza:

“Bibi, kona ile haina duka. Ni ukuta
tangu nizaliwe. Na Julai kwetu ni baridi,
umewavua watu makoti bure.
Ila yule anayekohoa ngazini,
nani alikupa habari za baba yangu?”

Akaisoma kwa sauti, ameuelekea ukuta,
ili Zenon naye asikie.