Kilomita Moja na Nusu

Kibao cha langoni kilisema: kilomita moja na nusu,
dakika arobaini, vaeni viatu vya matope.
Mimi nilivaa raba mpya, nyeupe pe.
Daktari aliniagiza nitembee;
hakuniagiza nitembee wapi.

Tulikuwa sita, Jumamosi ya kwanza isiyo na theluji,
kwenye mwitu mdogo nyuma ya kiwanda cha jibini,
kaskazini mwa Wisconsin.
Kiongozi wetu, Arvid Tollefson, ni tarishi mstaafu.
Miaka thelathini na minne aligawa barua,
na hadi leo hawezi kuupita mlango bila kumtaja mwenyewe.
"Hapa," akaugonga mwaloni mkavu,
"anakaa kigogota. Hayupo. Ametoka."
"Huku chini, shimo la tatu: sungura, mama na wanawe."
Na mbele ya msonobari uliopasuliwa na radi:
"Bundi. Alihama, hakuacha anwani."

Hatukucheka sana. Baridi ilikuwa bado ina meno.
Majani ya mwaka jana yalilala chini chepechepe,
tukayakanyaga, yakanyamaza.

Kisha mwitu ukakatika ghafla
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema,
na mbele yetu kinamasi:
matete ya kijivu, maji meusi kama chai iliyokaa jikoni usiku kucha,
na vyura, vyura usiowaona,
wadogo kuliko pingili ya kidole,
wakipiga kelele kana kwamba kila mmoja
ameazimwa masikio ya dunia kwa siku moja tu.

Njia ya mbao iliingia majini
na haikutoka.
Ni biva, alisema Arvid; wiki nzima anajenga ukuta wake
bila kibali cha halmashauri.
Akasimama pale ukingoni
kama aliyefika kwenye namba ya nyumba isiyokuwapo,
bahasha ingali mkononi.

Ndipo Pakou, mwenye miaka saba, akaamua kupima kina.
Mguu ulitoka. Buti halikutoka.
Tulivuta watu wanne; tope likafyonza, likapiga busu la mlafi,
likabaki na mali yake.
Mtoto akasimama mguu mmoja, kulastara mdogo,
wala hakulia. Alitaka kujua tu
kama chura anaweza kulala mle ndani.
"Mpangaji mpya," Arvid akasema,
akaandika kwenye daftari lake.

Wakati huo bibi yake, Bi Youa,
ambaye Kiingereza chake hakivuki salamu,
alikwisha kuchuchumaa kando ya njia,
kisu kidogo mkononi,
akikata majani mapana yenye kung'aa: vitunguu pori.
Nyuma yake kibao kingine: marufuku kuchuma.
Arvid akakohoa. Akakinyooshea kidole.
Bi Youa akakitazama kile kibao
kama mtu anavyotazama mvua inyeshayo mji mwingine,
akachagua jani moja, akalifuta kwa pindo la koti,
akampa.

Nilihesabu. Sekunde kumi. Kumi na moja.
Halafu yule mtu wa kanuni na stempu
akatafuna.
Machozi yakamlenga, ukali wa kitunguu au kingine, sijui,
akatamka neno moja la Kinorwe
ambalo marehemu mama yake, alieleza baadaye,
alilitumia jikoni tu,
mlango ukiwa umefungwa.

Tulirudi kwa njia ile ile tuliyojia.
Hakuna aliyeimaliza ile kilomita na nusu.
Pakou alirudi mgongoni mwa tarishi,
kifurushi cha mwisho cha siku,
soksi moja ikimdondoshea maji shingoni.

Raba zangu sasa zina rangi ambayo dukani haipo.
Na sikumwona Bi Youa akinitia chochote mfukoni,
lakini gari langu lilinuka vitunguu
hadi Jumatano.